Wiki 10, masomo 7, masaa 25 kwa wiki: muda niugaweje?

Mtahiniwa_Mtarajiwa

Habari zenu wakuu. Zimebaki wiki 10 nifanye mtihani wa kumaliza shule. Ukitoa muda wa darasani, nina masaa 3 ya kujisomea kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, 6 Jumamosi na 4 Jumapili. Jumla 25.

Mtihani wa majaribio nimepata hivi (kwa 100), na kwenye mabano ni ninakotaka kufika:

Hisabati 38 (60)
Fizikia 44 (60)
Kemia 52 (65)
Historia 57 (68)
Jiografia 61 (70)
Biolojia 66 (75)
Lugha 72 (75)

Ratiba ya sasa imegawia kila somo siku yake ili kusiwe na upendeleo: Jumatatu Hisabati, Jumanne Fizikia, Jumatano Kemia, Alhamisi Biolojia, Ijumaa Jiografia, Jumamosi Lugha, Jumapili Historia. Tatizo ni kwamba Jumatatu ya Hisabati ikirudi, ya Jumatatu iliyopita nakuta yameshayeyuka, naanza upya.

Nauliza: je, nihamishie nusu ya muda wote kwenye Hisabati? Lugha niiache kabisa kwa kuwa iko vizuri? Na kusoma somo moja kwa siku ni sawa au nichanganye?

---

Rula_na_Bikari

Mdogo wangu, hiyo ratiba unayosema haina upendeleo ina upendeleo mkubwa. Jumamosi ndiyo siku yako ndefu, masaa 6, na umeipa Lugha yenye 72. Hisabati yenye 38 imeambulia masaa 3. Ukigawa siku badala ya kugawa masaa, hili ndilo linalotokea.

Anza na masaa yenyewe. Unayo 25, panga 20 tu. Matano yaliyobaki yawe akiba ya siku utakayoumwa, utakayotumwa, au mada itakayogoma. Ratiba iliyojazwa hadi ukingoni huvunjika Jumanne ya kwanza, na ikishavunjika mtu huitupa yote.

Katika hayo 20, kila somo lipewe kiwango cha chini ambacho halishuki chini yake: saa moja na nusu kwa wiki. Mara 7 ni masaa 10 na nusu. Hiyo ndiyo kazi ya kuzuia somo lisioze, Lugha ikiwemo. Yanabaki 9 na nusu, nayo ndiyo unayagawa kwa kufuata pengo kati ya ulipo na unapotaka kufika. Mapengo yako ni 22, 16, 13, 11, 9, 9 na 3, jumla 83. Masaa 9 na nusu ni dakika 570, gawanya kwa 83 unapata karibu dakika 7 kwa kila maksi ya pengo. Hisabati 22 × 7 ni kama masaa 2 na nusu, jumlisha saa moja na nusu ya msingi, unapata 4. Ukifanya hivyo kwa yote na kusawazisha kwenye nusu saa ili jumla ibaki 20:

Hisabati 4
Fizikia 3½
Kemia 3
Historia 2½
Jiografia 2½
Biolojia 2½
Lugha 2

Jumla 20. Pengo la Hisabati ni kama robo ya mapengo yako yote, si nusu. Ukiipa nusu ya muda, masomo sita yanabaki kugombania masaa 12 na nusu, na maksi 10 utakazoongeza Hisabati utazipoteza kidogo kidogo kwingine bila kuona.

Jambo moja kuhusu hayo malengo kabla hujayaamini: yapange kwa kuangalia mipaka ya madaraja ya mtihani wako, si kwa namba zinazopendeza machoni. Somo lililo maksi 2 chini ya mpaka linastahili masaa zaidi ya somo lililo katikati ya daraja, hata kama la pili ndilo lenye maksi ndogo. Na kama kuna masomo ambayo lazima uyafaulu ili uendelee na unachotaka kusoma baadaye, pengo lake lizidishe kwa moja na nusu kabla ya kugawa.

---

Kalamu_Nyekundu

Hesabu ya Rula ni nzuri kwa kuanzia, ila ina kasoro: inachukulia kila maksi iliyopotea kuwa ni sawa na nyingine. Si kweli. "Hisabati 38" haikuambii usome nini kesho jioni.

Chukua karatasi zako za mtihani wa majaribio, zilizosahihishwa, na kalamu ya rangi nyingine. Kila mahali ulipopoteza maksi andika herufi moja pembeni. A: sikujua kabisa, mada hii sijaielewa. B: nilijua, nikasahau. C: nilijua ila nilikosea njiani, yaani alama ya kutoa imepotea, kizio hakikuandikwa, swali limesema "eleza" mimi nikaorodhesha. D: muda uliniishia. Kisha jumlisha kila herufi kwa kila somo. Kazi hii inakula dakika 30 hadi 40 kwa somo, na hakuna masaa manne utakayoyatumia vizuri zaidi katika wiki ya kwanza.

Kila herufi ina dawa yake, na watu wengi humeza dawa ya A kwa ugonjwa wa C. Aliyepoteza maksi kwa uzembe anarudi kusoma mada upya tangu mwanzo, anaielewa vizuri (kwa sababu aliielewa tangu awali), anafurahi, kisha kwenye mtihani anakosea palepale.

B hutibiwa kwa kurudia kwa vipindi vifupi vilivyoachana. C hutibiwa kwa kufanya maswali, kusahihisha kwa mwongozo wa kusahihisha, na kuandika kosa kwenye orodha moja. Ukurasa mmoja kwa somo, mstari mmoja kwa kosa: "nilisahau kubadili gramu kuwa kilo". Ukurasa huo unausoma kabla ya kila zoezi. Baada ya wiki tatu utagundua makosa ishirini yote kwa kweli ni aina nne au tano. D hutibiwa na saa ya ukutani tu. Karatasi ya maksi 100 kwa dakika 180: toa dakika 15 za kupitia majibu, zinabaki 165, yaani dakika 1.65 kwa maksi. Swali la maksi 12 lina dakika 20, basi. Dakika ya 20 ikifika unaacha nafasi na kusonga mbele. Maksi za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuliko ya mwisho ya swali lililokugomea.

A ndiyo ghali kuliko zote. Kwa hiyo hapo huchukui kila mada. Unapanga mada za A kwa vigezo viwili: inatokea mara ngapi kwenye mitihani ya miaka iliyopita, na kuna mada ngapi nyingine zinazoitegemea. Cha pili watu hukisahau. Kwenye Hisabati, aliye dhaifu kwenye sehemu, alama za kutoa na kugeuza fomula ili herufi anayoitafuta ibaki peke yake, ataanguka kwenye milinganyo, kwenye trigonometria, kwenye grafu, na pia kwenye Fizikia na hesabu za moli za Kemia. Kwa hiyo hizo zipewe masaa ya Hisabati ya wiki ya 1 na ya 2, kabla hujaanza kupambana na hesabu za Fizikia. Takwimu na uwezekano, kwa upande mwingine, ni mada zinazosimama zenyewe. Unaweza kuziweka wiki yoyote.

---

Mwl_Wa_Ratiba

Nijibu lile la somo moja kwa siku, maana ndilo linalokumaliza.

Masaa 3 ya Fizikia Jumanne na kisha siku saba za kimya ni mpango mzuri wa kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima hili kwa kujifanyia majaribio mwenyewe na akachapisha mwaka 1885: sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea katika masaa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kupotea inapungua. Maana yake kwako ni kwamba kurudia kwa mara ya kwanza kuwe kesho yake au keshokutwa, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Baada ya hapo nafasi zinapanuka: siku 3 au 4, wiki, wiki mbili. Utafiti wa Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 ulionesha kuwa nafasi inayofaa kati ya kusoma na kurudia inategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Kwa umbali wa wiki kadhaa, kadirio zuri ni kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya siku zilizobaki. Sasa hivi una siku 70, kwa hiyo baada ya zile rudio mbili za mwanzo, mada irudi kila baada ya siku 7 hadi 14. Zikibaki siku 20, irudi kila siku 2 hadi 4.

Masaa 20 ya Rula yanaweza kukaa hivi (dakika):

Jumatatu: Hisabati 60, Biolojia 45, Historia 45, Kemia 30
Jumanne: Fizikia 75, Jiografia 60, Lugha 45
Jumatano: Hisabati 60, Kemia 60, Historia 60
Alhamisi: Fizikia 75, Biolojia 60, Jiografia 45
Ijumaa: Hisabati 60, Kemia 60
Jumamosi: Hisabati 60, Fizikia 60, Historia 45, Biolojia 45, Kemia 30
Jumapili: Lugha 75, Jiografia 45

Akiba imekaa saa 1 Ijumaa, 2 Jumamosi, 2 Jumapili. Angalia kuwa somo la hesabu linatangulia kila siku isipokuwa Jumapili, kichwa kikiwa bado kina nguvu, na linalofuata, siku tatu kati ya hizo sita, ni la kusoma na kuandika. Vile vipande vya dakika 30 vya Kemia si vya mada mpya. Ni vya kadi za maswali: alama za elementi, valensi, rangi za majaribio, kazi ambayo hata aliyechoka anaiweza.

Kila kipindi kianze na dakika 10 za kuandika, bila kufungua daftari, unachokumbuka kutoka kipindi kilichopita cha somo hilo. Kisha fungua, jaza mapengo kwa kalamu nyingine. Hutaipenda hii hatua, kwa sababu itakuonesha hujui. Roediger na Karpicke walijaribu mwaka 2006: dakika tano baada ya kusoma, waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi, wiki moja baadaye, waliojipima ndio walioongoza. Ndiyo maana kusoma notisi mara nne usiku huwa kunaleta raha na hisia ya kuiva, halafu chumba cha mtihani kinakukana.

Ndani ya Hisabati kwenyewe, changanya pia. Ukifanya maswali 15 ya mlinganyo wa kipeo cha pili mfululizo, kuanzia swali la tatu hufikirii tena njia ipi utumie, unarudia mkono tu. Mtihani hauandiki juu ya swali "hili ni la mlinganyo". Rohrer na Taylor mwaka 2007 waliwapa watu maswali ya ujazo wa maumbo, kundi moja aina kwa aina, lingine yamechanganywa. Wakati wa mazoezi wa aina kwa aina walipata asilimia 89, waliochanganya 60. Wiki moja baadaye waliochanganya walipata 63, wale wengine 20. Kwa hiyo mada mpya: maswali 4 au 5 mfululizo ili ushike njia, baada ya hapo ichanganye na mada mbili za zamani.

Kuhusu deni. Kipindi kilichokosekana hulipwa kwenye akiba ya wiki hiyohiyo. Jumapili usiku ikifika hakijalipwa, kimefutwa. Usikibebe kwenda wiki inayofuata, maana wiki ya tatu utakuwa na madeni ya masaa 9 na utaacha kuitazama ratiba kabisa. Ila ukiona somo lilelile ndilo linalofutwa kila wiki, hapo huna tatizo la muda, unalikwepa. Lihamishie kipindi cha kwanza cha siku na ulipunguze liwe dakika 25.

---

Mtahiniwa_Mtarajiwa

Asanteni sana wakuu, nimekaa na karatasi ya Hisabati kama alivyoelekeza Kalamu. Maksi 62 nilizopoteza: A 24, B 14, C 15, D 9. Sikutarajia A iwe ndogo hivyo.

Swali la nyongeza. Mtihani wa kwanza ni Hisabati, wa mwisho ni Historia, na kati yake kuna siku 12. Je, Historia niiweke kando nije niisome ndani ya hizo siku 12? Na Kemia na Jiografia ziko siku moja, asubuhi na mchana.

---

Kalamu_Nyekundu

Tazama ulivyojipa jibu. B na C jumla ni 29. Ukiokoa nusu tu ya hizo, ambayo ni kazi ya kurudia na orodha ya makosa, umefika 52 au 53 bila kujifunza mada hata moja mpya. Zinabaki maksi 7 au 8 kufika 60. Kufuata saa kutakupa 3 au 4 kati ya zile 9 za D. Zilizobaki 4 unazitoa kwenye A, yaani unahitaji mada mbili, tatu kwa usalama, kati ya zote ulizoandika A. Nyingine ziache zilale, na uziache kwa makusudi, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi kuwa umeziacha. Inayokuumiza ni ile unayoiacha huku ukijiambia utaifikia.

Rudia hesabu hii mwisho wa wiki ya 3 na ya 6 kwa nusu karatasi ya kila somo. Nusu karatasi ni lisaa limoja na nusu, na zikiwa masomo 7 hayaingii ndani ya wiki moja pamoja na ratiba ya kawaida. Kwa hiyo wiki hizo mbili toa kipindi kirefu zaidi cha kila somo, uweke nusu karatasi mahali pake, tofauti ichukue akiba. Pengo jipya, mgao mpya. Kama Fizikia imepanda kutoka 44 hadi 55, masaa yake yapungue hata kama umeanza kuipenda. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaendelea kulisha somo lililoshaanza kushiba.

---

Rula_na_Bikari

Kuhusu Historia: usiiweke kando. Zile siku 12 zinaonekana nyingi kwenye kalenda, lakini zihesabu kwa nusu siku. Zinakuwa 24. Kila karatasi unayoifanya inakula nusu siku, na nusu siku inayotangulia ni ya karatasi hiyo. Kama masomo yako yana karatasi mbilimbili, nenda kahesabu zilizobaki kwa Historia. Kwa mgao wa sasa Historia inapata masaa 25 katika wiki 10; hutayapata hayo masaa ndani ya wiki ya mitihani, na hata ungeyapata, insha za Historia hazikai kichwani kwa kumezwa mara moja.

Unachoweza kufanya ni kubadilisha aina ya kazi. Wiki 10 hizi: matukio kwa mpangilio wa miaka, sababu na matokeo, na mpango wa insha mmoja kila kipindi, yaani hoja 6 na mfano mmoja kwa kila hoja, ndani ya dakika 12. Insha nzima andika moja kwa wiki, kwa mkono, kwa kufuata saa. Zile siku 12 ziwe za kupitia mipango hiyo tu. Kinyume chake, Hisabati kwa kuwa inatangulia, masaa yake yaongezeke kidogo wiki ya 9 na 10, na uyatoe kwenye Historia. Ukishatoka kwenye karatasi ya Hisabati, masaa yake yote 4 yanakuwa huru. Historia ichukue sehemu kubwa. Hilo ni deni unalolipa, halifutwi Jumapili.

---

Mwl_Wa_Ratiba

Siku ya karatasi mbili: siku inayotangulia, Jiografia kwanza, Kemia mwisho, kwa sababu Kemia ndiyo ya asubuhi. Kazi ya mchana huo imalizike mapema ulale usingizi wako kamili. Aliyekesha hupoteza mara mbili, kwa karatasi ya asubuhi na kwa ya mchana, na yale aliyoyasoma usiku ndiyo yanayokaa vibaya zaidi, kwa kuwa kumbukumbu huimarika usingizini. Kati ya karatasi mbili kula, kisha dakika 20 au 30 na ukurasa mmoja tu wa Jiografia uliouandaa wiki moja kabla: kanuni za kusoma ramani, hatua za kukokotoa mwinuko na umbali, michoro miwili mitatu. Usikae kwenye kundi linalolinganisha majibu ya Kemia.

Kama Fizikia, Kemia au Biolojia ina mtihani wa vitendo, uliza tarehe yake leo. Mara nyingi hauko ndani ya kalenda ileile ya karatasi za nadharia, na kama uko mapema basi mgao wa wiki zako za mwisho wote unasogea. Masaa yake yatoe kwenye somo lenyewe, siyo kwenye akiba. Mazoezi ya kuchora jedwali, kuchagua skeli ya grafu na kutafuta mteremko unaweza kuyafanya mezani bila maabara, dakika 30 kwa wiki zinatosha.

Na yale masaa 2 ya Lugha: dakika 45 za Jumanne ni ufupisho au ufahamu mmoja kwa kufuata saa, dakika 75 za Jumapili ni insha moja, iandike, ipumzishe dakika 10, isahihishe. Mpe mtu mwingine aisome kila baada ya wiki mbili. Makosa yako ya sarufi wewe mwenyewe huyaoni.